Ukilazimika Kuuza Nyumba, Iuze Upesi Lakini Usiitupe



Katika miji yetu, na hata vijijini siku hizi, mtaziona nyumba zilizoandikwa ukutani kwa rangi, tena kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni akipita hushangaa. Nani basi amesema kwamba inauzwa? Lakini wenyeji wanajua sababu. Pengine tapeli alijifanya mwenye nyumba akala fedha za watu. Pengine, na hili ndilo linaloumiza zaidi, muuzaji alikuwa mtu wa nyumba ile ile: baba aliyepatana bei kilabuni bila kumwambia mama, au kijana aliyeuza nyumba ya marehemu baba yake, hali wadogo zake wangali wanalala ndani.

Leo hatusemi juu ya watu wa namna hiyo. Tunasema na ninyi wenye nyumba halali ambao mmefikia siku ya kuuza. Siku hiyo huja. Mtoto amepata nafasi ya shule na fedha hazitoshi. Mgonjwa anatakiwa kupasuliwa. Kazi imemhamisha baba mbali. Wazee wamebaki peke yao na watoto wanawaita waende kuishi nao. Kuuza si aibu. Lakini ni hasara kubwa kuuza vibaya, maana nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi yaweza kuondoka kwa jioni moja kwa nusu ya thamani yake.

Watu wengi hudhani njia ya kuuza upesi ni moja tu, yaani kushusha bei. Sivyo. Mnunuzi hukawia kwa sababu tatu: hajui kama mwenye mali ni wewe kweli, ameona kasoro zinazomtia mashaka, au bei uliyotaja haina maelezo. Ziondoe sababu hizo tatu kabla hajaja, nawe utauza upesi bila kutupa mali. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya, tuone jinsi ya kuifanya nyumba ijiuze.

KWANZA: KAENI NYUMBANI MSEME

Kabla fundi hajaitwa na kabla jirani hajasikia, baba na mama wakae pamoja. Hili si jambo la adabu tu, ni jambo la sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, au kuiweka rehani, bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa kwenye karatasi ni la mmoja peke yake. Mnunuzi mwenye akili atauliza, "Mama yuko wapi? Amekubali?" Kama mama anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza akiwa jikoni, biashara imekufa siku hiyo hiyo. Tena hapo itakuwa imeanza vita ya nyumbani isiyokwisha.

Watoto wakubwa nao waambiwe. Hawana lazima ya kutoa amri, lakini yafaa wajue. Mtoto asiyejua ndiye atakayerudi kutoka mjini baada ya mwaka mmoja na kumsumbua mnunuzi mlangoni.

Mkiwa mmekaa, jiulizeni maswali mawili. Je, hakuna njia nyingine? Pengine yatosha kuuza ng'ombe, au kupangisha vyumba viwili, au kukopa katika chama cha akiba na mikopo na kulipa baada ya mavuno. Na la pili: tukisha kuuza, tutalala wapi? Msipokuwa na jibu la swali la pili, msiuze bado. Mwenye nyumba anayeuza bila kujua aendako atakula fedha za nyumba kwa kulipa kodi ya pango.

Kama nyumba ni ya urithi, jambo ni zito zaidi. Nyumba ya marehemu haina mwenyewe wa kuiuza mpaka awepo msimamizi wa mirathi. Mara nyingi ukoo hukutana na kumpendekeza mtu, na Mahakama ya Mwanzo humthibitisha. Kaka mkubwa si msimamizi kwa sababu ya ukubwa wake tu. Tena sehemu ya mjane na ya watoto wadogo ni yao, si ya wajomba wala ya baba wadogo.

Pengine mama mmoja atasoma haya na kusema, "Mimi niliachiwa na baba yangu, lakini ukoo wasema mwanamke hauzi." Sikiliza, mama. Mwaka 1988 mama mmoja wa mkoa wa Kagera aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Alimwuzia mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtu wa ukoo wake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu mjini Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, kwa masharti yale yale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Basi haki iko. Lakini mashauri huchukua miaka, na wewe wataka kuuza upesi. Kwa hiyo waambie ukoo mapema, mbele ya mashahidi: "Nauza, bei ni hii, anayetaka kununua aje na fedha mpaka tarehe fulani." Akitokea mtu wa ukoo, vema. Asipotokea, hana neno la kusema baadaye.

PILI: KARATASI NA MIPAKA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kusanya kila karatasi: hati ya hakimiliki ya kimila kama unayo, barua ya kupewa kiwanja au karatasi ya kukinunua, stakabadhi za umeme na maji. Zitie katika bahasha moja. Kama kitu kimepotea, kitafute sasa, wala si siku mnunuzi anapokuja na fedha.

Kisha nenda kwa afisa mtendaji wa kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kumpa mtu mwingine haki yako ya ardhi ya kijiji kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Watu wengi hupatana bei, wakala fedha, kisha ndipo wakumbuke kwenda kuomba mhuri. Ni kuanza nyuma. Uliza mapema: kikao kijacho ni lini? Je, mtu asiye mkazi wa hapa anatakiwa kutimiza nini? Ujue pia kwamba asiye raia hawezi kununua ardhi ya kijiji namna hiyo. Ukilipa ada yo yote ofisini, dai stakabadhi ya serikali. Kama nyumba yako iko mjini kwenye kiwanja kilichopimwa, njia ni nyingine: hapo hati huhamishwa kwa ofisi ya ardhi, na wakili anahitajika.

Tembea mipaka. Waite majirani wote wanaopakana nawe, mtembee pamoja mchana, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Huko Kilimanjaro mtaangalia masale. Kwingine mtaangalia minyaa, mikonge au mawe. Penye ubishi wa hatua mbili, maliza ubishi sasa. Ukishindikana, liko Baraza la Ardhi la Kijiji la kuwapatanisha. Mnunuzi akisikia jirani akisema, "Huyu amekula mpaka wangu," atakwenda na hatarudi.

Angalia pia kama nyumba haiko mahali pa hatari. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli za watu katika mita 60 za ukingo wa mto au ziwa. Nyumba iliyopigwa alama ya X nyekundu kila mtu anaijua. Usijaribu kuifunika kwa chokaa na kumwuzia mgeni. Huo ni wizi.

Tena yako makaburi. Katika vijiji vyetu wazee wetu wamelala uwanjani, karibu na migomba. Usimfiche mnunuzi, wala usiuze makaburi ya wazazi kwa kunyamaza. Pima kipande hicho, kitenge, na andika katika mkataba kwamba hakiuzwi, na kwamba ndugu watakuwa na njia ya kupita kwenda kusafisha na kusali. Mnunuzi mwema hukubali, na kipande chenyewe ni kidogo. Lakini asipoambiwa, atakuwa na haki ya kukasirika.

TATU: IWEKE NYUMBA TAYARI

Hapa wengi hukosea kwa pande mbili. Mmoja haguswi na kitu, aonyesha nyumba yenye popo na matundu. Mwingine anatumia fedha nyingi kuongeza chumba kipya au kutia marumaru, na fedha hizo hazimrudii. Kanuni ni fupi: tengeneza kinachovuja, kisichofungika na kinachonuka. Zaidi ya hapo mwachie mnunuzi, maana ana mapenzi yake.

Anza na paa. Mnunuzi wa kijijini hutazama juu kabla ya kutazama chini. Misumari iliyolegea igongwe au ibadilishwe, matundu madogo yazibwe kwa lami, bati lililooza kabisa liondolewe. Kama unanunua bati la kurudishia, kumbuka kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30 au 32. Namba ikizidi, bati limepungua unene. Nyumba ya nyasi iongezwe nyasi mahali palipobonyea.

Kisha kuta. Tazama njia za mchwa, zile mistari ya udongo inayopanda ukutani mpaka kwenye mbao za paa. Zikwangue, fuata mpaka uone zinakotoka, tia dawa, na badilisha ubao ulioliwa. Nyufa ndogo zizibwe kwa saruji na mchanga, au kwa udongo kama nyumba ni ya udongo. Ufa mkubwa unaopita kutoka msingi hadi paa si wa kupakwa tu. Mwite fundi aseme sababu.

Sasa chokaa. Hakuna kitu rahisi kinachobadili nyumba kama chokaa. Iloweke usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, ufagie ukuta na kuulowesha maji kidogo, kisha upake mara mbili nyembamba badala ya mara moja nzito. Iliyopakwa nzito hubanduka. Linda macho, maana chokaa huunguza, na watoto wakae mbali.

Milango yote ifunge na kufunguka bila kuinuliwa. Komeo lililovunjika ni jambo dogo, lakini mgeni anaona uvivu. Vioo vilivyopasuka vibadilishwe, nyavu za mbu zishonwe. Sakafu yenye mashimo izibwe. Choo kifagiliwe, kiwe na mlango na mfuniko. Naam, choo! Wako watu waliopoteza mnunuzi kwa sababu ya choo tu, kwa kuwa mke wa mnunuzi ndiye aliyekwenda kukiona.

Mwisho ni uwanja. Palilia, fagia, choma taka, sogeza banda la mbuzi ikiwezekana. Ondoa ndani ya nyumba vitu visivyotumika: baiskeli mbovu, magunia matupu, madebe. Chumba chenye vitu vichache huonekana kikubwa. Siku ya mnunuzi fungua madirisha yote tangu asubuhi ili moshi na joto vitoke.

Kazi hii yote familia yaweza kuifanya kwa siku kumi. Andika kila shilingi uliyotumia.

Lakini angalia sana: kutengeneza si kuficha. Tuseme mnunuzi amekuja.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba. Pita uone."

"Ahsante, mama. Mbona kona hii ina alama ya maji?"

"Ilivuja mwaka jana, baba. Tumebadilisha bati mbili mwezi uliopita. Panda ngazi utazame."

Mama huyo ameuza nyumba. Angesema, "Aa, ni kivuli tu," mnunuzi angekwenda kwa jirani kuuliza, na jirani angemweleza hadithi ya mvua yote. Ukimwambia mtu kasoro ndogo kwa kinywa chako, ataamini uzuri mkubwa unaomwonyesha.

NNE: BEI

Bei haitafutwi kwenye shida yako. Mtu husema, "Nahitaji milioni kumi za matibabu, basi nyumba ni milioni kumi." Mnunuzi hanunui shida yako, ananunua nyumba. Tena mwingine husema, "Nimeteseka sana kuijenga." Hilo ni kweli, lakini mateso hayana bei sokoni.

Tafuta bei kwa njia mbili, kisha uzilinganishe.

Njia ya kwanza ni kuuliza nyumba zilizouzwa karibu nawe katika mwaka huu na uliopita. Uliza bei iliyolipwa, wala si bei iliyotajwa. Hizo ni mbili mbali. Wanaojua ni mashahidi waliotia sahihi.

Njia ya pili ni hesabu ya kujenga. Ungejenga nyumba hii leo, ingegharimu nini? Hebu tufanye mfano. Bei hizi ni za mfano tu; weka za kijiji chako. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma:

Matofali 6,000 kwa Sh. 150: Sh. 900,000
Saruji mifuko 45 kwa Sh. 18,000: Sh. 810,000
Bati 36 kwa Sh. 30,000: Sh. 1,080,000
Mbao na misumari: Sh. 720,000
Milango na madirisha: Sh. 690,000
Mawe, mchanga na maji: Sh. 500,000
Mafundi: Sh. 1,300,000
Jumla: Sh. 6,000,000

Lakini nyumba si mpya. Tuseme ina miaka 15 na imetunzwa. Toa robo, yaani Sh. 1,500,000. Inabaki Sh. 4,500,000. Ongeza kiwanja, tuseme Sh. 2,000,000. Ongeza miti ya matunda, Sh. 300,000. Jumla ni Sh. 6,800,000. Sasa linganisha na njia ya kwanza. Nyumba ya namna hiyo upande wa pili wa kijiji ililipwa Sh. 6,200,000. Basi bei ya kweli ya nyumba yako iko katikati hapo, karibu na Sh. 6,500,000.

Baba na mama waandike namba tatu katika karatasi. Ya kwanza ni bei ya kutaja: Sh. 7,000,000. Ya pili ni bei ya kweli: Sh. 6,500,000. Ya tatu ni bei ya mwisho ambayo chini yake hamwuzi: Sh. 6,000,000. Karatasi hiyo ifungiwe sandukuni, na asiambiwe mtu, wala rafiki, wala dalali.

Mbona tusitaje milioni kumi, halafu tushuke polepole? Kwa sababu wanunuzi wa kweli huja katika majuma ya kwanza, wakati habari ingali mpya. Wakisikia bei ya ajabu, hawaji hata kuangalia. Nyumba ikikaa miezi mitatu, watu huanza kuulizana, "Ina nini nyumba ile?" Hapo hata bei ya haki wanaiona kubwa. Bei iliyo karibu na kweli inaleta watu wawili au watatu kwa mara moja, na mnunuzi akijua kwamba yuko mwenzake, hakawii.

Baada ya majuma matatu tazama. Kama hakuna aliyekuja kabisa, habari haijafika, itangaze zaidi. Kama wamekuja watu wengi na hakuna aliyetaja hata bei ya chini, basi bei ndiyo yenye kosa, au iko kasoro ambayo hamkuiona. Ukishusha, shusha mara moja kwa namba inayoonekana. Kushusha kidogo kidogo kila siku ya gulio ni kumfundisha mnunuzi angoje.

Majira nayo yana nguvu. Fedha hazipo kijijini mwaka mzima. Katika nchi ya pamba soko kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei. Wakulima wa kahawa na tumbaku nao wana miezi yao. Ukiweza, iweke nyumba tayari mwezi mmoja kabla wakulima hawajalipwa. Wakati wa mvua kubwa barabara ni mbaya, na mifuko ya wengi ni mitupu.

TANO: KUITANGAZA NA KUPOKEA FEDHA

Waambie watu wanaosikia mengi: walimu, waganga wa zahanati, wenye maduka, makondakta wa mabasi, na watoto wa kijiji walioko mjini ambao pengine wanatafuta mahali pa kuwaweka wazazi wao. Bandika tangazo lenye mambo machache: vyumba vingapi, kiwanja hatua ngapi, maji, umeme, bei, na namba moja ya simu. Picha zipigwe asubuhi, baada ya kufagia.

Ukimtumia dalali, patana naye kwa maandishi: malipo yake ni kiasi gani, na atalipwa lini. Jihadhari na "cha juu". Dalali wa namna hiyo humwambia mnunuzi bei kubwa kuliko yako ili tofauti aitie mfukoni. Wewe wadhani bei yako ndiyo inayowafukuza watu, kumbe ni ya kwake. Dawa ni kumwambia kila mnunuzi bei kwa kinywa chako mwenyewe.

Sasa tuseme juu ya mnunuzi wa usiku. Huyu husikia kwamba una mgonjwa. Huja saa mbili usiku na fedha taslimu katika mfuko wa nailoni. "Chukua Sh. 3,500,000 sasa hivi, weka kidole hapa." Fedha mkononi ni tamu, na mgonjwa analia. Lakini kumbuka hesabu yetu: nyumba ya Sh. 6,500,000. Mtu huyo hakusaidii, anakudai Sh. 3,000,000 kwa usiku mmoja. Mjibu kwa upole, "Ahsante, ndugu. Njoo kesho mchana, mama awepo, na mwenyekiti awepo." Kama ni mnunuzi mwema atakuja. Kwa haja ya usiku ule, kopa kidogo kwa ndugu au katika chama, maana deni la laki mbili ni jepesi kuliko hasara ya milioni tatu.

Mkikubaliana na mtu, mnaweza kupokea arabuni, yaani fedha ya kwanza ya kumfunga. Andikeni kiasi chake, siku ya mwisho ya kumaliza, na litakalotokea akishindwa. Mkataba wenyewe uwe na majina kamili, mipaka ya pande nne, bei kwa tarakimu na kwa maneno, vitu vinavyobaki na vinavyoondoka, siku ya kuhama, na sahihi au dole gumba za mume, mke, mnunuzi na mashahidi. Taja miti na mavuno yaliyomo shambani, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye mkungu wa ndizi. Msitie sahihi ya "nimepokea" kabla hamjapokea. Fedha nyingi zilipwe benki, ambako huhesabiwa na noti bandia huonekana. Ulizeni pia ofisi ya Mamlaka ya Mapato kama kuna kodi ya kulipwa, na ni nani ailipe. Jueni hivyo kabla ya kupatana.

Basi, wapenzi wasomaji, mwenye haraka ya kweli huanza mapema. Siku kumi za kufagia, kupaka chokaa na kutafuta karatasi zaonekana nyingi kwa mtu mwenye shida. Lakini siku hizo kumi ndizo zinazotenga nyumba iliyouzwa na nyumba iliyotupwa. Nyumba huuzwa mara moja, na fedha zake zaweza kuliwa kila siku mpaka ziishe. Kwa hiyo siku ile ile mnapopokea, toeni kwanza fedha ya jambo lililowafanya muuze, iwe ni shule au hospitali, na ya pili iwe ya paa jipya la kulala watoto. Zinazobaki ziwekwe benki kwa majina ya baba na mama wote wawili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama upande wa pili: mambo ambayo mnunuzi wa nyumba kijijini hana budi kuyauliza kabla hajatoa fedha yake.